Kiti Asichokalia Msaidizi

Jumamosi ile mvua iliamka kabla ya watu wa Likasi, na Inspekta Germaine Mujinga alipofika kituoni saa moja na nusu alikuwa amelowa mpaka magotini. Alibakiwa na saa nne na nusu, basi. Sheria inasema polisi hamshikilii mtu zaidi ya saa arobaini na nane. Zikitimia, ama unamfungulia mlango, ama unampeleka kwa mwendesha mashtaka pamoja na faili lake. Arkidiakoni Hilaire Ngoie aliingizwa mahabusu Alhamisi saa sita mchana. Leo saa sita angepandishwa gari la gereza kwa kosa la kumuua askofu wake, na katika mji ambao kila jirani ana kanisa lake na kila kanisa lina maneno yake, mchungaji aliyepanda gari lile hata akirudi hajarudi.

Kapiteni Dominique alikuwa ameshaweka saini. Alimsukumia faili juu ya meza kwa kidole kimoja, akamsimulia Jumatano na Alhamisi ya yule askofu kwa Kiswahili cha mjini kilichochanganyika na Kifaransa.

"Dossier iko complet, Germaine. Mercredi saa tisa muntu anagombana na évêque, bantu banasikia. Jeudi asubui évêque iko maiti mu kanisa. Weye unatafuta nini tena? Kikulacho kiko mu nguo yako."

"Docteur Viviane wa morgue hayatuma rapport ya maiti, mon capitaine."

"Rapport itatukuta ku parquet, kwa mwendesha mashtaka."

"Nipe mpaka saa sita."

"Saa sita iko saa sita kwa bote," alisema Dominique, akageukia chai yake.

Germaine alichukua funguo za mahabusu. Miaka kumi na tisa ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba faili linalokamilika haraka ni la kuogopwa, lakini hakuwa na kitu cha kulipinga, na hilo lilimkera kuliko tope la viatuni.

Hilaire Ngoie alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Walimvua mkanda, kamba za viatu na ile kola yake nyeupe ya uchungaji, na bila kola alionekana mwalimu mstaafu aliyekosa pensheni. Ualimu ndiyo kazi aliyoifanya kabla ya kuwekewa mikono, na mwalimu hata umtie mahabusu haachi kufundisha.

"Pasteur," Germaine alisema, "unielezee tena ile magomvi. Polepole. Minye ni Mukatoliki, bintu ya kanisa yenu sijue."

"Maman inspecteur, bantu ba hapa banasema 'monseigneur' tu, banafikiri njo alikuwa mukubwa ya yote. Hapana. Monseigneur Étienne alikuwa évêque suffragant. Askofu musaidizi. Ni évêque kweli, maaskofu batatu baliwekaka mikono juu ya kichwa yake, hakuna wa kumuondolea ile. Lakini haiko na jimbo yake. Jimbo ni ya évêque wa Lubumbashi. Musaidizi iko na fimbo, iko na pete, lakini nguvu yote ni ya kuazima."

"Ya kuazima namna gani?"

"Akibariki batoto ba confirmation, ile kipaimara, ni kwa ruhusa. Akiweka pasteur, ni kwa ruhusa. Mwenye kutoa ruhusa akiondoka, ruhusa nayo inakwisha siku ile ile."

Akamweleza kwa urefu, naye Germaine akamwacha, maana mtu anayeeleza anachokipenda husahau kujificha. Cheo chenyewe kilianzia Uingereza, wakati wa yule mfalme wa wake sita, aliyetoa orodha ya miji inayoweza kupewa askofu wa namna hiyo. Kisha kikazimika karibu miaka mia tatu, hakuna aliyekiulizia, mpaka maaskofu wa huko walipozeeka na kazi kuwashinda, kikafufuliwa. Likasi ilikipata kwa sababu ya barabara. Wakati wa masika askofu alikuwa akikwama siku mbili njiani, na watoto wa Shituru na wa Mwadingusha wakawa wanaota ndevu kabla ya kubarikiwa. Msaidizi wa kwanza alizunguka kwa treni ya mizigo, akilala juu ya magunia. Wa pili aliumwa mapema, akapumzishwa. Wa tatu alikuwa Étienne Kaumba, mtu mdogo wa umbo, mpole, mwenye kisukari, na miaka kumi na moja katika cheo hicho.

"Na mercredi?"

Hilaire alivua miwani akaifuta kwa shati. "Évêque wa Lubumbashi anaenda retraite, anapumzika kazi. Bantu banataka Likasi ikuwe jimbo kamili, na Étienne njo akuwe évêque yake. Yeye anakataa. Mercredi ananionyesha barua iliyo anaandikia synode, mukutano mukubwa ya kanisa. Anaomba nyuma yake basiweke tena musaidizi. Anasema barabara iko muzuri sasa, kazi ilikwisha, mishahara ile iende kwa pasteurs ba vijiji."

"Na weye ulikuwa unangoya kumufuata."

"Kila muntu alikuwa anasema vile." Aliirudisha miwani usoni. "Ndiyo, nilingoya. Nilimuambia, 'Unaingia mu nyumba, kisha unafunga mulango juu yetu.' Nilipiga kelele. Nilikosa. Nilirudia kwangu mbele ya mvua kuanza, lakini nilikuwa peke yangu, hakuna shahidi."

"Kisha jeudi tunamukuta amekaa mu kiti yake kubwa, fimbo juu ya magoti, sawa vile muntu anamuchekelea."

Hilaire aliinua kichwa. "Kiti gani?"

Hapo Germaine alikumbuka kwamba hakuna aliyemwambia. Dominique alikuwa amemhoji juu ya ugomvi tu, ugomvi mwanzo, ugomvi mwisho.

"Ile ya katikati. Nyuma ya altare."

"Étienne? Mu ile?" Arkidiakoni alisimama, suruali ikimporomoka, akaishika kwa mkono mmoja. "Maman, miaka kumi na moja hakuikaliaka ata siku moja. Ile ni kiti ya évêque wa jimbo. Ata asikuye mwaka muzima, inabakia ya yeye. Musaidizi iko na kiti yake kadogo, pale karibu na dirisha. Ata siku ya Noeli. Ata siku alikuwa na homa, tulimuambia, 'Baba, pumzika hapo,' alikataa."

Aibu ilimshika Germaine waziwazi. Alhamisi waliingia askari sita mle kanisani: Wakatoliki watatu, walokole wawili, na Dominique anayeamini chai. Hakuna hata mmoja aliyeshangaa. Askofu amekaa kwenye kiti cha askofu, kuna nini cha kuuliza? Walikuwa wamepiga picha jambo geni kuliko yote katika chumba kile, wakaliona la kawaida.

Hilaire naye alikuwa amefika mahali pabaya kwa miguu yake. "Ile inanifunga zaidi, sivyo?" alisema polepole. "Asiyejua hawezi kumuchekelea na ile kiti. Minye njo najua."

"Ndiyo, pasteur," Germaine alimjibu. "Inaweza kukufunga zaidi."

Kanisani alimkuta Blandine akikung'uta majamvi barazani. Blandine hakuwa wa kanisa lile. Jumapili alisali na walokole wenzake chini ya turubai, mumewe akichimba mawe ya shaba kwa mikono. Juma zima alifagia kwa Waanglikana. Ndiye aliyeikuta maiti.

Ndani mlikuwa na giza, umeme umekatika tangu alfajiri. Germaine alikwenda moja kwa moja hadi kile kiti kikubwa. Mti mzito, mwekundu, mgongo mrefu kupita kichwa cha mtu, mikono yake imechongwa majani ya mihogo. Mto wake ulikuwa mpya kabisa. Kisha akatazama kile cha dirishani: kiti cha shule kilichopakwa rangi, mto wake umebonyea katikati na kuchanika ukingoni. Mtu mwenye macho hakuhitaji arkidiakoni wa kumfundisha.

"Hii kubwa, nani anaikalaka?"

"Hakuna, maman. Minye napanguza vumbi tu kila vendredi."

"Ulisema hii jeudi?"

"Hamukuniuliza."

Kweli hawakumuuliza. Germaine alitoa simu akafungua picha za Alhamisi, akazikuza moja moja. Jeraha lilikuwa kisogoni, na ndani ya nywele mlikuwa na chembe za saruji. Ndani ya kanisa sakafu ni vigae vilivyosuguliwa. Saruji tupu iko nyuma, kwenye ngazi nne zinazoshuka bombani, na mvua ya Jumatano ilianza saa tisa na nusu ikapiga mpaka jioni. Basi askofu aliangukia nje, kwenye tope, akabebwa. Alibebwa mikononi, si kuburutwa, maana visigino havikuwa na mchubuko. Akafika kwenye picha ya viatu. Soli zake zilikuwa safi. Zilifutwa hadi kwenye kona za kisigino, na kamba zikafungwa upya kwa fundo la mara mbili.

Alikaa kwenye benchi la mbele akaitazama picha ile kwa muda mrefu. Mtu anayemfanyia marehemu kejeli humtupa kitini na kukimbia. Huyu alipiga magoti akafuta viatu. Adui hafuti viatu. Viatu vya maiti hufutwa na mama, na mke, na aliyelala naye jamvi moja utotoni. Étienne Kaumba hakuwa na mke wala mtoto.

"Blandine, kiti hii ilitoka wapi?"

Blandine aliacha jamvi lake. "Monseigneur alinikatazaka kusema."

"Monseigneur alikufa. Na muntu mungine anaenda gereza saa sita."

"Yaya yake, kaka mukubwa, njo aliitengeneza. Baba Évariste, wa Shituru. Alikuwa menuisier, fundi ya mbao, ku usine ya shaba. Aliileta zawadi siku balimuweka monseigneur. Bakubwa ba kanisa baliona iko muzuri sana, bakasema njo itakuwa ya évêque wa jimbo. Monseigneur alikubali. Lakini hakumuambiaka yaya. Baba Évariste ni Mukatoliki, haingiaka hapa kusali dimanche. Akikuya kusalimia, monseigneur anamupokea ku nyumba, anamupa chai, anamusindikiza mpaka ku barabara. Mu kanisa, hapana."

"Na mercredi alikuya?"

"Mercredi minye nilirudia mbele ya mvua, maman. Nilisikia pasteur anapiga kelele, njo yote najua."

Saa tatu na nusu. Germaine alimsimamisha mwenye pikipiki, wakashuka kuelekea Shituru chini ya mvua, wakipita reli na safu za nyumba za kampuni, harufu ya tindikali ya mitambo ikiwapokea kabla ya nyumba zenyewe. Njiani alikumbuka kwamba maelezo ya Évariste Kaumba aliyaandika yeye mwenyewe Alhamisi, kwa mkono wake. Mara ya mwisho kuonana na mdogo wake: Pasaka. Hakuyatilia shaka. Nani anamhoji mfiwa?

Msibani turubai lilikuwa limejaa maji katikati, na vijana walilisukuma kwa mti ili yamwagike. Wanawake waliimba kwa sauti ndogo. Évariste alikaa mbele ya watu, kama inavyompasa kaka mkubwa, akipokea mikono. Alikuwa na miaka sitini na sita na mabega ya mtu aliyebeba mbao maisha yake yote.

"Pole, baba."

"Aksanti, mutoto yangu. Mulishamufunga ule muntu?"

"Njo nakuya kuzungumuza. Tuingie kidogo mu nyumba."

Waliingia sebuleni. Watu wa nje walifikiri ni mambo ya kibali cha mazishi. Germaine alikaa, akaweka daftari magotini bila kulifungua.

"Baba, nakuya juu ya kiti."

Uso wa mzee ulilegea, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Kiti yangu."

"Uliitengeneza na muti gani?"

"Mulombwa. Musumari ata moja haiko ndani. Myezi tatu, kila jioni nyuma ya kazi, mpaka mukubwa ya atelier alisema nitalala pale. Baba yetu alikuwa anabeba magunia ku gare ya treni, mutoto wangu. Alikufa bila kukalia kiti yenye mugongo. Nilisema, mudogo yangu anakuwa évêque, ataikala mahali bantu bote banamuona."

"Na yeye, aliipenda kuikala?"

Évariste alifungua mdomo. Jibu la miaka kumi na moja lilikuwa tayari ulimini, lile alilowapa majirani, na mafundi wenzake, na padri wake mwenyewe. Halikutoka.

"Hakuikalaka," alisema.

"Nani alikuambia?"

"Yeye."

"Siku gani, baba?"

Nje waliimba ubeti mzima, wakaumaliza. Mzee alitazama mikono yake.

"Mercredi."

Germaine alifungua daftari. Hakuona furaha yoyote. Njiani alikuwa amejiambia kwamba aliyemkalisha askofu pale ni mtu asiyejua desturi ya Waanglikana, na kumbe sivyo. Huyu alijua. Alikuwa ameambiwa siku ile ile.

"Nilisikia bantu banasema anakuwa évêque mukubwa," Évariste alianza, bila kusukumwa. "Nilienda na vernis. Nilitaka kuipaka upya. Nikaingia ku kanisa peke yangu, nikaona vile coussin, ile muto ya kukalia, iko mupya. Miaka kumi na moja, coussin iko mupya. Anakuya nyuma yangu, ananiambia, 'Yaya, unisamehe, yangu ni ile pale.' Ananionyesha kale ka kiti ka shule."

"Mulikuwa wapi?"

"Nilitoka nje, sikutaka anione vile nalia. Alinifuata pa escalier, ku ngazi ya bomba. Mvua ilikuwa inaanza. Nikamuambia, bon, sasa utaikala, banakupa jimbo. Anasema alikataa. Aliandika barua. Anasema nyuma yake musaidizi hatakuwa tena, ata ile kazi yenyewe inakwisha. Nikamuuliza, kwa hiyo nilichekesha Shituru muzima? Ananishika mukono. Nikamusukuma." Akaongeza, "Hapana na nguvu. Sawa vile muntu anasukuma mudogo yake."

"Akaanguka."

"Na kichwa. Nikamuita, hakujibu. Nikamubeba, alikuwa mwepesi, mutoto yangu, ile sukari ilimukula. Nikamupanguza. Nikamuvalisha ile kanzu yake nyekundu, nikamukalisha. Nilisema, aikale ata siku moja. Bantu bakikuya bamukute évêque."

"Kisha ukaenda."

"Hapana mara moja. Nilikaa pa banc ya mbele namuangalia, mpaka mvua ilipunguka. Ilikuwa inamutosha. Vipimo bilikuwa vyake kabisa."

Aliandika yote. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi alipompigia Kapiteni Dominique, akamwambia maneno mawili matatu, na kwa mara ya kwanza Dominique hakuwa na methali. "Basi namufungulia archidiacre," alisema tu. Germaine alisikia funguo zikichukuliwa mezani. Mtu mmoja atakula chakula cha mchana nyumbani kwake leo. Alijaribu kulishikilia wazo hilo.

Simu ilipolia tena alidhani ni Dominique. Alikuwa Daktari Viviane wa chumba cha maiti, mwenye sauti ya mtu aliyekesha kazini. Germaine alimsikiliza amesimama, uso ameupa ukuta. Jeraha lilikuwa dogo, alisema daktari. Mfupa ulipasuka kidogo tu. Kilichomuua ni damu iliyokusanyika ndani taratibu na ubongo kuvimba, na maiti haivimbi ubongo. Tena damu ya kisogo ilishuka wima ndani ya shati hadi kiunoni, inavyoshuka kwa mtu aliyeketi. Alipoteza fahamu, lakini alikuwa anapumua. Kwa nusu saa, pengine zaidi.

"Aksanti, docteur," alisema Germaine, akakata.

Évariste alikuwa amesimama. Amevaa koti lake la msiba, amefunga vifungo vyote, tayari kuondoka naye. "Ni docteur?"

"Ni docteur, baba."

"Anasema nini? Hakusumbuka, sivyo? Alikufia pale pa escalier."

Angeweza kumdanganya. Alilitaka sana jambo hilo, na hakuona haya kulitaka. Lakini ripoti itaingia kwenye faili, na Jumatatu mwendesha mashtaka ataisoma kwa sauti mbele ya watu, na mzee huyu ataisikia amesimama kati ya askari wawili wasiomjua.

"Hapana, baba. Anasema mudogo yako alikufia mu kiti. Alikuwa anapumua bado. Nusu saa, labda kupita."

Mzee hakulia. Alikuwa anahesabu jambo polepole, midomo ikitikisika. Mvua ile ya Jumatano juu ya mabati ya kanisa, giza la mawingu, benchi la mbele.

"Minye nilikuwa pale," alisema. "Nilikuwa namuangalia." Kisha akauliza, kwa adabu, kana kwamba anaulizia njia katika mji wa kigeni, "Kutoka ku kanisa mpaka ku hôpital, ni dakika ngapi?"

Germaine alilifunga daftari. Wote wawili walizaliwa Likasi, na njia ile waliijua.